Waliopata na waliokosa msaada wa serikali mifugo ilipokufa kwa ukame, tupeane uzoefu

Mfugaji wa Hai: Wakuu heshima kwenu. Nimepita mnada wa Weruweru nikaona ng'ombe mbavu nje, 2009 yote ikanirudia. Wa Longido, Monduli na Ngorongoro mnaujua ule ukame, na baadae enzi za Kikwete serikali ikagawa ng'ombe kwa kaya zilizobaki bila kitu. Nani alipata, nani alikosa? Semeni jamani maana ukavu umeanza.

mama_machame: Sisi wa ng'ombe wa maziwa wala hatukumbukwi. Mtamba wangu alikufa kwa ndigana kali, mkopo wa vicoba nikaendelea kulipa na banda tupu.

kijana wa Longido: Nilikuwa darasa la sita. Asubuhi kazi yetu watoto ilikuwa kuwainua ng'ombe, huyu anashika mkia wengine wanasukuma mbavuni, akisimama anajikokota kidogo anaanguka tena, mzee anasema mwacheni. Mama akawa anawakorogea uji wa mahindi ya msaada, yale yale tuliyopewa tule sisi. Mzee akaona watakwisha wote akawachukua waliobaki na kaka zangu wakashuka Simanjiro kufuata majani, nako hamna, wakazidi kwenda mpaka Kilindi huko. Sasa hayupo ndo wakaja kuandika kaya. Mama akaulizwa ng'ombe wenu wamekufa wote? Akasema ukweli, hapana, mzee kaondoka na wachache. Jina likaachwa hapo hapo, eti msaada ni wa aliyebaki mikono mitupu. Mzee karudi mvua zimeshanyesha na majike mawili, mmoja akala majani mabichi kwa njaa tumbo likajaa akafa bomani. Siku ya kugawa mitamba tulienda kuwasaidia majirani kuswaga. Sina kinyongo nao ila aliyehangaika kuokoa wawili ndo kakosa, hilo linaniuma mpaka leo.

mama_machame: Uwiii mwanangu pole. Mama yupo?

kijana wa Longido: Yupo mama, shikamoo. Ukimtajia orodha tu anatoka nje.

Njoro: Pole mkuu ila tuseme ukweli, mifugo mingi hivyo kwenye ardhi isiyo na majani mlitegemea nini? Mngeuza mapema.

Ketumbeine: Umuuzie nani? Meserani mwaka ule kila mtu kaleta, unarudi naye anafia njiani. Usiongee kitu hukijui.

Njoro: Nakijua, na mimi nafuga.

Ketumbeine: Wawili bandani unawaletea mabua na canter, ndo kufuga?

Mfugaji wa Hai: Wakuu taratibu, kijana katoa la moyoni.

Namanga: Upande wa pili, Kenya, 2009 hiyo hiyo serikali yao iliwanunua ng'ombe wakiwa hai, kupitia Kenya Meat Commission. Hata bei ikiwa ndogo unabaki na hela ya kuanzia. Huku tunasubiri mizoga ndo tuhesabu.

kijana wa Longido: Hilo Namanga umeongea. Mzee angeuza hata nusu.

bwana mifugo mstaafu: Ng'ombe akifa mwite mtendaji na bwana mifugo siku hiyo hiyo, piga picha, upewe karatasi yenye muhuri. Maneno matupu hayaandikwi. Na bima ya mifugo ipo, ulizieni.

Njoro: Uzeni sasa hivi.

mama_machame: Msiuze majike! Uza madume, hela nunua marobota ya majani na mashudu. Kijana wa Longido, huku kwetu majani ya migomba yapo, njoo inbox tupange gari.