Ulinganisho: kitabu, kadi, benki ya maswali au mazoezi ya kusema kwa sauti? Mtihani wa EMT

msomaji_wa_zamu
Wakuu, tulinganishe njia nne za kujiandaa kwa mtihani wa nadharia wa NREMT, rejista ya taifa ya Marekani ya wahudumu wa dharura, ngazi ya EMT (fundi wa huduma za dharura za kitabibu). Chukulia mtu amemaliza kozi, amebakiza wiki 6 na ana saa 2 kwa siku. Njia ni kurudia kitabu sura kwa sura, kadi za kukariri, benki ya maswali ya kompyuta, au kufanya mikasa ya mazoezi kwa sauti na mwenzake. Ipi ipewe uzito, na ipi inakula muda bure?

OksijeniKumiNaTano
Benki ya maswali, mkuu, bila kubishana. Mtihani wenyewe unaendeshwa na kompyuta inayopima uwezo wako kadiri unavyojibu: maswali 70 hadi 120 ndani ya saa 2. Ukipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi, na ukishalipita swali hakuna kurudi nyuma. Ukifikishwa hadi 120, una dakika moja tu kwa kila swali. Mwendo huo hujifunzi kwenye kitabu.

Ila itumie inavyopasa. Jibu maswali 20 kwa mkupuo, kisha tumia muda mara mbili ya huo kupitia majibu. Hata swali ulilopata, eleza kwa nini chaguo nyingine hazifai. Mfano: mwanamume wa miaka 58, kifua kinambana, jasho linamtoka, presha 92/60, oksijeni kwenye damu asilimia 97, hana shida ya kupumua, hana mzio. Chaguo ni nitrogliserini, aspirini, au oksijeni ya barakoa yenye mfuko. Wengi hukimbilia nitrogliserini kwa sababu wamesikia "kifua". Lakini namba ya juu ya presha iko chini ya 100, na dawa hiyo hutanua mishipa, kwa hiyo ataporomoka. Oksijeni haina kazi hapo, kiwango kimeshavuka 94. Inabaki aspirini ya kutafuna, miligramu 162 hadi 324. Ukiweza kusema yote hayo ndipo uhesabu kwamba umelijua swali.

fundi_bendeji
Sikubaliani na hiyo "bila kubishana". Benki ina maradhi yake: ukirudia maswali yaleyale mara tatu unaanza kutambua sura ya swali badala ya kufikiri. Unaona asilimia 90 kwenye skrini, unajidanganya. Swali ukishaliona mara mbili, libadilishe mwenyewe: yule mzee wa 92/60 mpe presha 138/84, kisha useme jana usiku alimeza sildenafil, dawa ya nguvu za kiume ambayo nayo hutanua mishipa. Je, nitrogliserini inaruhusiwa sasa? Hairuhusiwi, ila sababu si ile ya kwanza.

Jambo la pili ni umri wa benki yenyewe. American Heart Association, shirika la moyo la Marekani, ilitoa mwongozo mpya Oktoba 2025. Mtu mzima aliyekabwa koo na bado ana fahamu sasa anaanziwa na mapigo 5 ya mgongoni, ndipo misukumo 5 ya tumbo, kwa kupokezana. Kwa mtoto mchanga, kukandamiza kifua kwa vidole viwili kumeondolewa: unatumia kitako cha kiganja kimoja, au vidole gumba viwili huku mikono imezunguka kifua. Benki nyingi zina majibu ya zamani na hazisemi. Kabla ya kulipia, tafuta swali la kukabwa humo. Halafu hakikisha kwa NREMT mtihani wa tarehe yako unafuata mwongozo upi.

kadi_na_kalamu
Kadi zinadharauliwa kwa sababu watu wanaziandika vibaya. "Apgar (alama za hali ya mtoto anayezaliwa) ni nini?" hiyo si kadi, ni kichwa cha habari. Kadi nzuri inakulazimisha utoe uamuzi au namba:

Mtoto wa miezi 8, hana mapigo, waokoaji 2? 15:2 (misukumo ya kifua kwa pumzi). Mwokoaji akiwa peke yake? 30:2. Aliyezaliwa sasa hivi? 3:1.

Anafungua macho akiitwa, anatoa maneno yasiyohusiana na swali, anauondoa mkono ukimbana? 3 + 3 + 4 = 10 kwenye kipimo cha ufahamu cha Glasgow. (Kumbuka asiye na jibu lolote anapata 3, hakuna sifuri. Huo mtego unarudi kila mara.)

Mtu mzima ameungua mkono mmoja wote na mbele yote ya kiwiliwili? 9 + 18 = asilimia 27. Mtoto mchanga hesabu inabadilika, kwa sababu kichwa chake peke yake ni 18.

Kila kadi irudiwe siku ya 1, 3, 7 na 14. Ukiikosa, inarudi mwanzo. Dakika 20 kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo ni kukariri tu. Na kadi hazifundishi mfuatano wa hatua, hapo sitazitetea.

MachelaMbele
Huo mfuatano ndio mtihani wenyewe. Tathmini ya awali ya mgonjwa inabeba karibu asilimia 40 ya maswali, na siku hizi kuna maswali ya kupanga hatua, si ya kuchagua herufi moja tu. Majibu yote manne yanaweza kuwa mambo sahihi; unachoulizwa ni lipi linatangulia.

Ndiyo maana nasimama na mikasa ya kusema kwa sauti. Mwenzako anasoma kisa, wewe unatamka kila hatua: usalama wa eneo, glavu, wagonjwa wangapi, msaada zaidi unahitajika? Kisha damu inayobubujika, njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, uamuzi wa kumwondoa. Baada ya hapo ndipo historia na vipimo. Mwenzako awe kimya mpaka umalize, kisha akuambie ulichoruka. Ukisoma kimya kichwa kinaruka hatua na hujui kama kimeruka.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kupumua. Kisa kinasema mgonjwa hajitambui, anapumua mara 6 kwa dakika, kwa juujuu, na anakoroma. Mtu anajibu "barakoa yenye mfuko, lita 15". Barakoa hiyo humpa oksijeni anayeweza kuivuta mwenyewe, na huyu haivuti. Kukoroma ni ulimi umeziba. Fungua njia ya hewa, kwa kusukuma taya mbele kama kuna shaka ya jeraha la shingo, kisha msaidie kwa mfuko wa ambu (unaokamuliwa kwa mkono kumsukumia hewa), pumzi moja kila sekunde 6. Usiukamue kwa haraka. Hewa ya ziada inaingia tumboni, atatapika, na kifua kikijaa kupita kiasi damu inarudi kidogo kwenye moyo.

OksijeniKumiNaTano
Hapo umenipata, MachelaMbele. Lakini asiye na mwenzake afanyeje?

MachelaMbele
Ajirekodi kwa simu. Mkasa mmoja dakika 10, kisha asikilize akiwa na orodha ya hatua mkononi.

fundi_bendeji
Na kitabu mmekitupa kabisa? Kina kazi moja: kosa lisilotokana na haraka wala mfuatano, bali hujui mwili unavyofanya kazi. Mfano mshtuko wa kupoteza damu. Aliyezoea kadi anasubiri presha ishuke. Mwili hufidia kwanza: mapigo yanapanda, ngozi inakuwa ya baridi na yenye unyevu, mgonjwa anahangaika. Presha huanguka baadaye, na mtoto anaweza kuishikilia mpaka mwisho kisha akaporomoka ghafla. Ukikosa swali la hivyo, soma kurasa hizo tano, si sura nzima.

msomaji_wa_zamu
Basi naona hivi: wiki 4 za mwanzo kadi dakika 20, maswali 20 na kuyapitia dakika 60, mkasa mmoja kwa sauti, na kitabu pale tu kosa linapotaka. Wiki 2 za mwisho maswali 120 mfululizo kila siku?

kadi_na_kalamu
Kila siku utachoka bure, na utamaliza maswali mapya. Mara mbili kwa wiki, kwa saa 2 kamili, bila kurudi nyuma kwenye swali. Siku nyingine baki na 20 zako.

OksijeniKumiNaTano
Na kompyuta ikizima swali la 70 usianze kulia wala kushangilia. Maana yake imeshapata uhakika kuhusu uwezo wako, upande wowote ule. Ikiwa hukupita, unaweza kuomba tena baada ya siku 15, na ripoti itaonyesha ni eneo gani lilikuangusha. Anzia hapo kwenye kadi.