Uzi maalum wa yule jamaa wa matairi: leo kanivua nguo mbele ya mke wangu

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye gari, hata sijafunga mkanda. Mods msiuunganishe huu na ule uzi wa "fundi gani mzuri Dodoma". Huyu anastahili uzi wake peke yake, na ikiwezekana jela yake peke yake.

Simtaji. Wa Dodoma wote mnamjua. Yule wa kiti cha plastiki chenye miguu mitatu, anayeongea na mteja huku anachokonoa meno kwa waya aliouchomoa kwenye tairi bovu. Eeh, huyohuyo.

Mimi nina Escudo, mnaijua, nimeishaiombea sana humu. Nina shamba la alizeti Kwamtoro. Mwezi huu pekee nimepigwa pancha tatu, na ya mwisho mwiba wa mgunga umeingia ubavuni. Ubavu hauzibiki, tairi limekufa. Nikasema basi, nanunua AT nne, yale matairi ya lami na njia mbovu, nipumzike. Wiki nzima nimesoma mpaka mke akaniuliza kama nimerudi chuo. Saizi yangu naijua kama tarehe ya kuzaliwa: 225/65R17.

Nafika pale, jamaa anasukuma tairi na mguu. Hakuinuka. Anasema hilo hapo, AT, jipya kabisa. Nikachuchumaa, nikawasha tochi ya simu, nikafuta vumbi ubavuni kwa kidole nitafute zile namba nne za mwisho za DOT, zinazosema tairi limetengenezwa lini. Nakuta 1417. Wiki ya 14, mwaka 2017! Tairi limekaa kwenye jua la Dodoma miaka yote hiyo likinisubiri mimi. Mpira ulishaanza kupasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Nikamwambia kwa heshima kabisa, "Kaka, hili limezeeka."

Akaacha kuchokonoa meno. Akaitazama Escudo. Akanitazama mimi. Akasema kwa sauti ya mnada:

"Bosi, hata umvalishe punda gambuti, hawi trekta."

Wakuu. PUNDA. GAMBUTI.

Fundi pancha alicheka akaachia mpira wa upepo, ukawa unarukaruka kama nyoka. Muuza karanga aliweka sinia chini ili acheke vizuri. Bodaboda waliokuwa ng'ambo ya barabara walivuka kuja kuuliza nini kimesemwa, na akawarudia! Alirudia kwa furaha, akaongeza na ishara ya mikono ya kumvalisha punda. Singida walisikia kile kicheko.

Haya yote ningesamehe. Nikageuka kumtazama mke wangu, mama watoto wangu, miaka kumi na moja ya ndoa. Naye anacheka.

Sijauliza bei. Nimeondoka. Yaani mtu anauza tairi la 2017, halafu punda ni mimi? Au punda ni gari? Mpaka sasa sijaelewa punda ni nani pale.

kijana_wa_nkuhungu: Punda ni gari mkuu. Wewe ndiye uliyeleta gambuti.

Mama Zabibu: Pole baba. Mkeo kacheka kwa kuziba mdomo au kwa kujipiga mapaja? Kuna tofauti.

Mleta uzi: Mapaja. Yote mawili.

Mama Zabibu: Basi hapo hakuna ndoa, kuna urafiki. Hongera.

Dereva Mstaafu: Kijana, shusha presha, kichwani na kwenye matairi. Jamaa mdomo wake ni choo cha stendi, lakini wewe kukataa 1417 ulikuwa sahihi, mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Ila usidhani AT ni dawa ya miiba. Mgunga hausomi maandishi. Unachotafuta ni ubavu mnene, angalia kama kuna herufi LT mbele ya saizi, hayo ni mazito zaidi, ingawa kwa saizi yako utayatafuta mpaka uchoke, na yanadunda na kula mafuta. Kwenye mchanga wa makorongo shusha upepo mpaka psi 20, ukifika lami jaza, usijisahau ukaja kuyaunguza.

mtu_wa_bahi: AT njoo nayo Bahi mwezi wa tatu ndugu yangu. Ule udongo mweusi unajaza meno yote dakika mbili, tairi linakuwa duara laini kama chapati. Hapo unavutwa na ng'ombe, tena ng'ombe anakudharau.

Kipara Halisi: Weka MT, yale ya matope yenye meno makubwa, umalize ubishi.

Dereva Mstaafu: Aweke MT kwenye Escudo aende nayo kanisani? Lami yote itavuma kama mashine ya kusaga. Asilimia kubwa ya safari zake ni lami, kakubali mwenyewe kimoyomoyo.

Mleta uzi: Sijakubali popote. Na turudi kwenye mada, mtu kaniita punda.

kijana_wa_nkuhungu: Tumekubaliana ni gari.

Binti Chamwino: Mimi huyohuyo jamaa aliniuzia AT zenye kialama cha mlima na theluji ubavuni, akaniongezea bei eti "hizi ni za theluji dada, ni spesho". Theluji. Ihumwa. Nikalipa.

Mama Zabibu: Wewe sasa ndiyo wa kuanzishiwa uzi.

Reli Tupu: Uzeni magari mpande treni ya SGR, mnahangaika nini.

Mleta uzi: SGR inafika Kwamtoro?

Reli Tupu: Hamia inapofika.

fundi_asiye_fundi: Afadhali nyie wa matairi. Mimi niliacha gari kwa fundi umeme Jumatatu, Alhamisi nimekutana nayo soko la Sabasaba imebeba magunia ya vitunguu. Kanipungia mkono. Kwa gari langu!

Binti Chamwino: Hahaha, na wewe ukampungia?

fundi_asiye_fundi: Ningefanyaje, alishapiga honi.

Kipara Halisi: Bora gari. Mimi mwenye nyumba kaniambia maji ya kisima hayana chumvi. Nimechemsha mchele bila kutia chumvi, watoto wakasema leo baba umezidisha.

mtu_wa_bahi: Hiyo ni kawaida, birika langu lina ukoko mweupe ndani kama limepigwa plasta.

Mama Zabibu: Weka ndimu na maji, chemsha, unatoka. Mimi sabuni ndiyo inanitesa, nafua saa nzima povu haliji.

Mleta uzi: Wakuu jamani, tairi? Nina safari Jumamosi, spea ndiyo iko mbele kulia.

Kipara Halisi: Mama Zabibu, ndimu ngapi kwa birika la lita tano?

Mama Zabibu: Tatu. Zikiwa ndogo, nne.