Flaiwili nyepesi kwa Impreza: kukereza ya zamani, alumini au stili?

Boxer_Tegeta: Wakuu, nina Subaru Impreza yenye injini ya EJ20, manyuali. Klachi imekwisha na giaboksi inashushwa wiki hii, nikaona nipunguze uzito wa flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo klachi inalibana) humo humo. Fundi anataka kuikereza iliyopo, yaani kuichonga kwa mashine iwe nyembamba, bei yake nafuu. Za kununua kuna ya alumini na ya stili, bei zinauma. Gari ni la mjini, mara moja moja naliingiza kwenye mbio. Nichukue ipi?

FundiSpana: Kama utalipeleka mbio, ya kukereza achana nayo. Flaiwili nyingi za kiwandani ni kasti, chuma cha kumimina kwenye kalibu. Kasti hustahimili kugandamizwa, kuvutwa ni dhaifu, na mzunguko huivuta kutoka katikati kwenda nje. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, mvutano unakuwa mara nne. Chukua flaiwili ya sentimita 28: kwa mizunguko 7,000 kwa dakika ukingo wake unakimbia karibu kilomita 370 kwa saa. Halafu mtu aipunguze unene kwa kukadiria macho na kuacha kona kali karibu na matundu ya bolti? Ufa huanzia hapo hapo.

Dada_Turbo: Na ikipasuka, nyumba ya klachi ya alumini haizuii vipande. Giaboksi yako iko katikati ya gari, jirani na miguu. Usitegemee limita pia, ile inayozuia injini isizidishe mizunguko. Ukiwa gia ya tatu injini imepanda, ukatafuta ya nne ukaingia ya pili, hapo magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Limita inakata mafuta tu.

Mzee_Kasti: Jamani msimtishe kijana. Zilizokerezwa kidogo, na mkerezaji anayejua kazi, zinatembea mjini miaka.

FundiSpana: Mjini sawa, mzee wangu. Yeye kasema mbio.

Boxer_Tegeta: Basi alumini au stili?

Dada_Turbo: Alumini ndiyo nyepesi kuliko zote, injini inapanda upesi. Lakini klachi haiwezi kusuguana na alumini tupu, kwa hiyo huwekwa sahani ya stili usoni. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya stili, basi viungio vya ile sahani vinataka kukaguliwa kila giaboksi ikishuka. Na foleni ya magari ya Mwenge, hapo Dar, utaichukia: kila kuondoka lazima ukanyage, la sivyo inazima. Mimi ningechukua stili ya kipande kimoja, ya uzito wa kati.

FundiSpana: Naunga mkono. Tafuta yenye alama ya SFI 1.1, kipimo cha Wamarekani cha flaiwili na klachi za mbio. Stika peke yake isikudanganye, inachapishwa popote. Muuzaji aseme nani kaitengeneza. Kabla ya kufunga, ipigwe balansi pamoja na preshapleti, ile sahani inayobana klachi.

Kilimanjaro_D4D: Nadandia uzi. Hilux yangu ina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Nikiweka ya kipande kimoja?

FundiSpana: Inafungika ukinunua seti yake maalumu ya vifaa, ila mtikisiko wa dizeli uliokuwa unamezwa na zile springi utaenda kwenye giaboksi. Utasikia kelele injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Fungua uzi wako, mkuu.

Boxer_Tegeta: Nimeelewa, stili. Bolti za zamani zinafaa?

FundiSpana: Hapana, weka mpya, ukaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya Subaru. Sili ya nyuma ya krankishafti badilisha sasa hivi, ikivuja baadaye utashusha giaboksi tena. Na ule uso wa flaiwili mpya ufute mafuta ya kuzuia kutu kabla klachi haijakaa.