Shule inatuma kazi za nyumbani WhatsApp saa mbili kasoro usiku, halafu inatuambia watoto wetu hawasomi

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Niko Mbeya, upande wa Soweto, kazi yangu ni fundi cherehani. Jina la shule silitaji, maana mtoto bado yuko pale.

Jana binti yangu wa darasa la tano amesimamishwa mbele ya wenzake kipindi kizima kwa kutofanya kazi ya hesabu. Hakuifanya kwa sababu hakuiona. Ilitumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp saa moja na dakika arobaini usiku, na saa hizo simu yangu iko kabatini, imefungwa kwa ufunguo. Naifungia makusudi, na aliyenituma niifungie ni shule hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza tuliitwa kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu akasimama akatusema kweli kweli: watoto wenu wanatamka maneno lakini hawaelewi wanachosoma, wanashinda kwenye simu zenu, zimeni simu jioni mkae nao msome. Sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu lilinigusa. Wiki mbili kabla ya hapo mdogo wake aliugua, nikampa binti karatasi ya dawa anisomee huku nimembeba mgonjwa. Akaisoma yote vizuri, herufi kwa herufi. Nikamuuliza, haya, ni vidonge vingapi na mara ngapi? Akaniangalia tu. Akaanza kuisoma upya.

Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kusoma, hilo nalo lazima niliseme. Nimelelewa Rungwe kwa bibi yangu. Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, enzi za kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa na vile vitabu vya kisomo vilivyofundisha kusoma na kilimo humohumo, na Biblia yake. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, mvua ya Tukuyu ikipiga bati mpaka humsikii. Ukimkatiza anarudi mwanzo wa ukurasa. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mimi nilikaa pembeni yake na kibatari, na mpaka namaliza sekondari nilikuwa nimesoma kila kitabu kilichopita mikononi mwa watu wa kijiji kile. Sasa ni mama wa watoto watatu, na nilipohesabu nikakuta ni miaka sita sijamaliza kitabu hata kimoja.

Kwa hiyo nikatii. Nilinunua vitabu viwili vya hadithi vya mtumba kwa kijana anayepanga vitabu chini Mwanjelwa, shilingi elfu tatu kila kimoja. Nikaweka sheria ya nyumba: kuanzia saa moja hadi saa mbili usiku simu zote kabatini, yangu na ya baba yao, redio imezimwa, tunakaa jikoni penye jiko la mkaa maana kwetu baridi haina mchezo, na kila mtu anasoma.

Jamani, ile wiki ya kwanza ilikuwa vita. Sikuweza kumaliza kurasa mbili. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe mfukoni kwenye aproni, kutafuta simu ambayo najua haipo. Nasoma aya, nafika chini, sijui nimesoma nini, sawasawa na mwanangu na karatasi ya dawa. Nikaona saa nzima ni nyingi, tukaanza na dakika kumi, kwa sauti, tunapokezana. Ukisoma kwa sauti akili haina pa kukimbilia. Wiki ya pili zikawa dakika ishirini. Mwezi wa tatu binti alikuwa anasoma nusu saa kimya kimya, na mdogo wake akipiga kelele anamwambia nyamaza kwanza nimalize hapa. Hiyo "nimalize hapa" sikuwahi kuisikia kwake tangu azaliwe, labda ya video.

Kuna watu waliniambia si lazima kuifungia, iweke tu mezani imezimwa sauti. Hapana. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, waliwapa watu majaribio ya akili, wengine simu zikiwa mezani mbele yao, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine wameziacha chumba kingine. Walioziacha chumba kingine waliwashinda waliokuwa nazo mezani, na zote zilikuwa kimya. Mimi niliamini kabla sijaujua utafiti huo, kwa sababu niliona tofauti ya mezani na kabatini hapa hapa jikoni kwangu.

Haya. Muhula wa pili ukaanza, na shule ikaanza utaratibu mpya. Kazi za nyumbani haziandikwi tena ubaoni. Mwalimu anapiga picha ukurasa wa kitabu, anarusha kwenye kundi. Anarusha saa anayopata nafasi, na nafasi anaipata usiku.

Niwaelezee ile picha ya juzi. Imepigwa kwenye mwanga wa taa ya chumbani, ukurasa umepinda upande wa kushoto, na kidole gumba cha mwalimu kimekaa juu ya swali la nne. Swali la nne lote halisomeki. Chini yake kuna jumbe kama thelathini za wazazi: "Mwalimu swali la nne ni ngapi?" "Asante mwalimu, ubarikiwe." Mmoja anauza mchele wa Kyela hapohapo. Mwingine karusha video ya mchungaji. Mtoto wa miaka kumi na moja anatakiwa apite katikati ya hayo yote, aipanue picha kwa vidole, anakili maswali kumi, na asiguse kitu kingine chochote.

Anagusa! Nani asingegusa? Nilipofungua kabati kwa ajili ya kazi hizo ile wiki ya kwanza, nilimwachia simu nikaenda kukoroga ugali. Nikarudi, amenakili maswali matatu na anaangalia video ya watu wanaoanguka kwenye matope. Nikamuuliza umefikaje huku, hajui. Kweli hajui, hakuwa ananidanganya. Huyo Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usiokwisha, ambao ukishusha unaleta vingine na ukishusha unaleta vingine, anaitwa Aza Raskin, na amesema hadharani kwamba anajuta. Kitabu kina mwisho wa ukurasa, kina mwisho wa sura, unapata pa kusimama ujiulize niendelee au nilale. Ule ukurasa wa simu umeondolewa pa kusimama kwa makusudi, ili mtu mzima asiondoke. Mtoto ataondokaje?

Kitabu chake cha hadithi kimekaa juu ya friji wiki ya tatu sasa. Alama aliyoweka ni kipande cha kitenge alichookota chini ya cherehani yangu. Kiko ukurasa wa 64.

Nilikwenda shuleni kistaarabu kabisa. Nikamwamkia mwalimu, nikamweleza, nikamwomba kazi ziandikwe ubaoni watoto wanakili kabla hawajatawanyika. Akanijibu, "Mama, dunia imebadilika, tuendane na wakati." Nikamkumbusha kikao cha mwezi wa kwanza. Akasema ile ilikuwa ni simu za michezo, hii ni simu ya masomo. Mwalimu, simu ni hiyohiyo moja! Haina mlango wa masomo na mlango wa michezo. Na mwanafunzi akikutwa na simu shuleni kwenu ni kosa la kuitiwa mzazi, sasa iweje ikifika saa mbili kasoro usiku isiwe kosa tena, iwe lazima?

Nikaamua kurudisha sheria ya kabati. Nikaandika kwenye kundi, kwa heshima, kwamba kazi itakayotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni binti yangu ataifanya kesho yake. Hakuna aliyenijibu. Jibu ndiyo hiyo jana.

Najua yatakayosemwa hapa. Kwamba nachukia maendeleo. Wateja wangu wananitumia mishono kwa WhatsApp, vipimo kwa WhatsApp, hela kwa simu, bila simu watoto hawa hawali. Kwamba vitabu vya kiada vimewekwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Vimewekwa, nimeingia nimeviona, na ni jambo jema kwa shule isiyo na kitabu. Lakini bado ni kwenye simu ileile, yenye jumbe zinazoshuka juu ya ukurasa. Kwamba walimu wamezidiwa, darasa lina watoto wengi. Hilo nalikubali bila ubishi, na wala sisemi mwalimu yule ni mtu mbaya. Ila kuandika maswali kumi ubaoni kunachukua dakika ngapi? Na mzazi mwenye kitochi yeye anafanyaje? Kuna mama jirani yangu anauza mkaa, hana simu ya kupangusa, mtoto wake anakuja kugonga kwangu usiku aombe kuona picha. Siku nyingine nimelala.

Kesho asubuhi narudi shuleni. Safari hii siendi kwa mwalimu wa darasa, naenda kwa mkuu, na nimeandika ombi langu kwa kalamu kwenye karatasi: kazi ubaoni, mtoto anakili kwenye daftari, kundi la WhatsApp libaki la matangazo ya kikao na michango. Jirani yangu ameshaweka sahihi, yeye na wazazi wengine wanne wa mtaa huu.

Ninachowaomba wenye watoto shule za msingi huko Uyole, Tukuyu, Makambako, Iringa: kwenu kazi za nyumbani zinaletwaje? Kama kuna shule iliyokubali kurudi ubaoni baada ya wazazi kudai, mniambie mlidai vipi na nani alikubali. Nahitaji kabla ya saa mbili asubuhi. Simu nitaitoa kabatini saa mbili usiku huu.