Tupeane uzoefu: kukaa peke yako hadharani, humsubiri mtu wala huchati

Wakuu, kwema?

Kila Jumamosi asubuhi nakwenda Magogoni, hapa Dar, natoa 200 yangu, napanda kivuko hadi Kigamboni. Ng'ambo sina shughuli. Nikifika nashuka, nakata tiketi nyingine, narudi. Simu nimeizima. Nasimama ubavuni naangalia maji: gatini yana rangi ya kijani na mafuta mafuta juu, katikati ya mkondo yanageuka buluu. Siku nyingine meli ya mizigo inaingia bandarini, kivuko kinangoja ipite, abiria wananung'unika kuchelewa. Mimi hapo ndipo raha yangu.

Nilianza mwaka niliofiwa na mama. Matanga yaliisha ila watu hawakuisha nyumbani, nikakosa pa kunyamaza. Nani mwingine ana mahali pake?

#2
Pole kwa msiba, mkuu. Mimi ni mwanamke, niko Unguja. Kwangu ni Forodhani, lakini asubuhi mapema, kabla moshi wa mishikaki haujaanza. Nakaa ukutani, miguu inaning'inia baharini. Taabu ni moja tu: "Dada, unamsubiri nani?" Ukisema humsubiri mtu, wanakuonea huruma kama umeachika! Mzee muuza kahawa naye aliuliza, siku ya kwanza. Sasa ananimiminia kikombe, anaweka kashata pembeni, anakwenda zake bila neno. Namwombea dua kwa kule kunyamaza kwake.

#3
Mombasa hapa. Kwangu ni ufukwe wa Mama Ngina, chini ya mibuyu. Meli za bandari ya Kilindini hupita karibu hadi unawaona mabaharia. Mimi hufumba macho nikasikiliza: panga la muuza madafu, mawimbi kwenye miamba, mtoto analilia mabuyu. Nikifumbua, jioni imeingia.

#4
Nimejaribu juzi bustani ya Jeevanjee, Nairobi. Ipo tangu 1906, wazee wanalala kwenye nyasi bila wasiwasi. Nimeshindwa. Dakika tano tu mkono ushaingia mfukoni kutafuta simu, na nikahisi kila mtu ananitazama. Nyinyi mlianzaje?

Mleta mada
Dakika tano si haba, ndugu yangu. Mimi safari ya kwanza sikuthubutu hata kuinua uso. Niliangalia viatu vya watu mpaka tukatia nanga. Kulikuwa na mama mwenye ndala mbili za rangi tofauti, hadi leo nazikumbuka.