Nimefunga, naambiwa "itie mfukoni babu, utafutari nayo"

MchunguMtamu
Nnaandika mkono unatetemeka, na si njaa. Nimetoka duka lile kubwa sasa hivi. Mnapajua, penye mlango unaojifungua wenyewe na baridi ya kugandisha samaki. Sipataji, nisije nikaitwa.

Nimenunua tende, unga wa ngano na mafuta, jumla elfu kumi na nane na mia nane. Nikatoa elfu kumi na tisa. Yule binti wa mashine kafungua droo, mie kwa macho yangu naziona sarafu zimejaa zinang'ara, kisha kanyoosha mkono akanipa pipi. Moja. Ya mnanaa. Saa kumi alasiri, Ramadhani!

Nikamwambia mwanangu, mie nimefunga. Kanitazama kama mtu anayemwonea huruma paka, akasema: "Itie mfukoni babu, utafutari nayo."

Babu! Nna miaka 44! Mke wangu ananyonyesha!

Foleni nzima ikacheka. Mpaka mlinzi, na yeye kafunga, meno yote nje. Miaka yote hii nakunywa uji na kula mbaazi za nazi, kumbe mnanaa ungetosha. Namwambia mama watoto azime jiko, baba kaja na futari mfukoni.

Na juu ya kichwa cha yule binti imetundikwa picha, mabosi watatu wamevaa kofia zetu za kiua, wameshika hundi kubwa kama mlango, wanaipa skuli madawati. Ati wanarudisha kwa jamii. Hebu pigeni hesabu. Wateja 500 kwa siku, kila mmoja mia mbili, ni laki moja. Mwezi milioni tatu. Madawati yale ni yangu! Nataka jina langu lichongwe japo ubavuni, kwenye dawati la nyuma kabisa.

Nimefika nyumbani naigeuza pakti ya tende: gramu 800. Boksi lile lile la kilo, bei ile ile, chini wametia hewa. Lakini hilo nalisamehe. "Utafutari nayo" siisamehi mpaka naingia kaburini.

Bi_Kidude_cha_Jikoni
Pole sana babu.

Shaabani_Usiku
Babu, ilikuwa ya mnanaa tupu au ile yenye rangi ya kijani?

MchunguMtamu
Nilijua tu. Haya chekeni, zamu yenu inakuja.

Sarafu_ya_Mia
Benki Kuu inatoa sarafu za 50, 100, 200 na 500. Pipi hamna humo. Kesho nenda na pipi 95 ukamlipe elfu kumi na tisa kamili, umwone uso wake.

MchunguMtamu
Unadhani sikujaribu? Nilimrudishia ile ile pale pale, nikamwambia nikatie kwenye bei ya mafuta. Kasema "mfumo haupokei." Kutoa unatoa, kupokea haupokei!

Wakili_wa_Baraza
Ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara hapa hapa Zanzibar. Peleka malalamiko na ushahidi.

MchunguMtamu
Ushahidi umeshayeyuka kwenye mfuko wa kanzu. Kanzu ya tarawehe! Sasa hivi nnafuatwa na sisimizi.

DadaStoo
Mnatukana makampuni lakini mdogo wangu anafanya kazi pale, mshahara wake ndio unaotulisha sote. Na madawati watoto wanayakalia. Kabla ya hapo walikuwa wanakaa chini.

Shaabani_Usiku
Mwambie mdogo wako atoke na kopo la sarafu basi.

Msomi_wa_Mkunazini
Nyinyi mnacheka, lakini mnunuzi ana nguvu. Mwaka 1937 Mwingereza alikipa chama kimoja mamlaka juu ya biashara ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakasukumwa pembeni. Wakagoma, na India kwenyewe wakasusa karafuu yetu. India ilikuwa miongoni mwa wateja wetu wakubwa. Mwaka 1938 Mwingereza kakaa mezani, wakapatana. Lisusieni duka lile mwezi mmoja tu muone.

MchunguMtamu
Sheikh, mie nazungumzia pipi.

Feni_Mbovu
Kususa simo. Mie naingia pale kila adhuhuri kupoza saumu, nazunguka mpaka kwenye majokofu ya maziwa, nasoma bei, natoka. Sinunui hata kiberiti. Hiyo ndiyo nguvu ya mnunuzi.

Mpemba_wa_Wete
Msomi, hiyo karafuu unayoiita "yetu" nyingi ilikuwa ya Pemba. Andika vizuri.

Msomi_wa_Mkunazini
Nimesema yetu kwa maana ya sote.

Mpemba_wa_Wete
Ya sote ikiwa imeshauzwa. Ikiwa juu ya mkarafuu ni yetu peke yetu. Halafu nyinyi mnalilia mia mbili! Mie juzi nimeleta mkungu wa ndizi za mkono wa tembo kwa boti, kwa ajili ya futari ya dada yangu. Nimelipishwa mzigo mpaka nikauliza kama mkungu utapewa kiti. Tumefika Malindi, mchukuzi naye akataka yake, kutoka kwenye boti mpaka getini. Hatua ishirini! Ule mkungu umesafiri ghali kuliko mimi.

Bi_Kidude_cha_Jikoni
Hao wa boti ndio khasa wa kuanzishiwa uzi. Mie waliniwekea ndoo ya samli ubavuni mwa injini. Nimeshuka na mafuta ya taa.

Feni_Mbovu
Mnasema boti, hamkuonja giza la mwisho wa 2009. Miezi mitatu Unguja nzima haina umeme, wenye jenereta wakatuuzia barafu kama dhahabu.

MchunguMtamu
Jamani turudi kwenye pipi. Kaniita BABU.

Sarafu_ya_Mia
Barafu mlinunua kiasi gani mwaka ule? Sie Fuoni tulikuwa tunakwenda kupanga foleni alfajiri.

Shaabani_Usiku
Mpemba, ule mkungu bado upo? Niko Jang'ombe, nakuja na baskeli.

Mpemba_wa_Wete
Tushaufutari zamani. Limebaki tako lake, nalo mbuzi kashalianza.