Chakula cha mchana shuleni: pure, pojo na mbaazi za nazi, au tuchanganye na samaki?

Mama Langoni

Assalamu alaikum jamaa. Niko kwenye kamati ya wazazi ya shule moja ya msingi hapa Amu, kisiwani Lamu. Watoto 240 wanakula mchana shuleni, na muhula ujao sehemu kubwa ya gharama itakuwa juu yetu wazazi. Tumekaa kikao Jumapili tukatoka na njia tatu, kila mmoja akitetea yake.

Ya kwanza ni kuendelea na pure, mahindi na maharagwe, siku zote tano. Ya pili ni kupunguza maharagwe tupike kunde, pojo (choroko) na mbaazi za nazi kwa zamu, pamoja na mboga za majani, bila nyama wala samaki. Ya tatu ni hiyohiyo ya pili, ila siku moja au mbili za wiki iwe wali na samaki.

Mimi naegemea ya pili. Mwanangu wa darasa la nne siku za pure hurudi na njaa, anasema kala mahindi matupu. Lakini kuna baba mmoja alisimama kikaoni akasema kumlisha mtoto wa Amu wiki nzima bila samaki ni kumdhulumu, na sikuwa na jibu la kumpa. Mliowahi kupikia watoto wengi, nisaidieni.

Mpishi wa Malindi

Waalaikumu salaam dada. Nimepika shuleni upande huu wa Malindi miaka tisa. Kabla hamjabadilisha chakula, ingia jikoni uone wanavyopima. Kipimo kinachojulikana katika mpango wa chakula shuleni hapa Kenya ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au jamii yake, na gramu 5 za mafuta kwa mtoto kwa siku. Kwa watoto wako 240 hiyo ni kilo 36 za mahindi na kilo 9 na nusu hivi za maharagwe. Maharagwe yakipunguzwa hakuna anayeona, maana sufuria bado imejaa. Niliwahi kuanza kazi mahali nikakuta maharagwe ya siku mbili yanasukumwa siku nne. Mwanao hasemi uongo.

Sasa tuje kwenye ulinganisho. Kwa protini, maharagwe, kunde, pojo na mbaazi hazipishani sana: gramu 20 hadi 24 hivi katika kila gramu 100 kavu. Zinapopishana ni kwenye kuni na maji. Pojo huzilowekei, na kabla ya saa moja kuisha zimeiva. Kunde ukiziloweka usiku haziumizi kichwa. Maharagwe na mbaazi kavu ndizo zinazokula kuni, na ukisahau kuloweka jana yake basi siku hiyo watoto watakula saa nane.

Halafu niulize: maji yenu ni ya wapi? Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake yana chokaa, na maji ya namna hiyo hayaivishi maharagwe hata ukeshe. Wapishi wengi hapo hutia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, kwa hivyo mimi niliacha. Tafuta maji yasiyo na chokaa ya kulowekea na kupikia, hata kama ni ya kubebwa.

Mama Langoni

Shukran sana kaka. Mfereji wa shule ni maji ya Shela, yale ya chini ya machuguu ya mchanga, ni mazuri. Lakini siku mfereji ukikauka wanachota kisimani. Nitauliza.

Mwalimu wa Mpeketoni

Mpishi amegusa jambo kubwa, naongezea la shambani. Maharagwe hayapendi joto letu. Usiku ukiwa wa joto maua yanapukutika kabla ya kushika maganda, ndiyo maana karibu maharagwe yote mnayopika yametoka bara. Yanapanda lori mpaka Mokowe, yanashushwa, yanapakiwa tena kwenye boti kuvuka kwenda kisiwani. Kila mkono yanaopitia unaongeza bei. Kunde, pojo na mbaazi ni mimea ya joto, zinalimwa hukuhuku, Mpeketoni, Hindi na Witu. Mizizi ya mbaazi inakwenda chini sana, hata mvua ikikatika mapema unapata kitu.

Kunde naipenda zaidi ya zote kwa sababu inakulisha mara mbili. Majani unachuma yakiwa machanga, unapika mboga, baadaye unavuna punje. Shule yetu ina kipande cha kunde nyuma ya madarasa, na wiki za mvua hatununui mboga kabisa. Mnavu na mchicha unajiotea wenyewe. Ukipata kisamvu, hakikisha kimetwangwa na kuchemshwa vya kutosha, kibichi kina sumu.

Na kuhusu mahindi ya pure: unyevu wa pwani ni adui. Sumu kuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Msinunue ya muhula mzima mkarundika kwenye stoo ya sakafu. Nunueni ya wiki chache, magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nahodha Shela

Mimi si yule baba wa kikaoni, lakini niko upande wake. Samaki ndiye chakula chetu. Mtoto anayaona majahazi dirishani halafu anapewa kunde Jumatatu mpaka Ijumaa? Miezi ya kaskazi bahari imetulia na samaki ni wengi, wakati mwingine tunauza kwa hasara. Shule ingetununulia moja kwa moja, wavuvi wangefaidi na wana wangefaidi.

Mpishi wa Malindi

Nahodha, heshima yako. Ila nipigie hesabu ya jikoni. Ukitaka kila mtoto apate gramu 60 za nyama ya samaki, kwa 240 ni kilo 14 na kitu. Ukitoa vichwa, mifupa na matumbo, inabidi ununue karibu kilo 30 za samaki wazima, asubuhi, wabichi, na uwe na mikono ya kupaa na kuondoa miiba. Darasa la kwanza na miiba ni hatari. Na kusi likivuma katikati ya mwaka, vyombo vimevutwa pwani, mtawapa nini?

Nahodha Shela

Kwa kusi umenishinda, siwezi kusema uongo. Miezi ile hata nyumbani kwangu tunakula ng'onda, samaki wakavu.

Muuguzi wa Watoto

Nimesoma yote, naomba niingie. Mahindi peke yake yana upungufu wa laisini, ambayo ni sehemu moja ya protini mwili unaihitaji kujengea. Jamii ya kunde inayo kwa wingi. Mtoto akila vyote viwili, kwa kipimo alichotaja mpishi, protini yake iko sawa. Kwa hiyo pure si chakula kibaya, mradi maharagwe yamo kweli.

Wasiwasi wangu mkubwa ni damu. Wasichana wa madarasa ya juu wengi wao wana damu pungufu. Madini ya chuma yanayotoka kwenye kunde na majani mwili huyapokea kwa shida, lakini ukiyala pamoja na vitamini C yanapokelewa vizuri zaidi. Pwani tuna bahati: ndimu zimejaa, maembe yakiwa msimu yanaozea chini ya miti. Kamua ndimu sufuria ikishatoka motoni, kwa sababu moto unaua ile vitamini. Au mpe kila mtoto kipande cha embe au papai. Na tafadhali, tafadhali, chai isitolewe pamoja na chakula. Chai ya majani inazuia chuma kupokelewa. Iende saa nne na chakula kibaki saa saba.

Kwa Nahodha: kuna kitu kimoja mmea hauna, vitamini B12. Inatoka kwa samaki, mayai, maziwa, nyama. Mtoto wa mvuvi anayekula samaki nyumbani jioni haimpungukii hata kama shuleni anakula kunde tupu. Mimi ninayemfikiria ni mtoto wa bara ndani kule, ambaye jioni ni ugali na mboga tena. Kwa hiyo Mama Langoni, waulizeni watoto wenu wanakula nini usiku. Jibu la hapo ndilo litakalowaambia kama samaki wa shuleni ni lazima.

Mwana wa Amu, New York

Salamu kutoka mbali. Binti yangu anasoma shule ya serikali huku. Tangu 2019 Jumatatu hakuna nyama katika shule zote za serikali za jiji, na tangu Februari 2022 Ijumaa chakula kinachopangwa hakina nyama, mayai wala maziwa. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 2018, shule zipike mlo mmoja kwa wiki usio na nyama wala samaki. Watu huku walibishana sana, wengine wakidhani watoto watadhoofika. Binti yangu aliponiletea karatasi ya ratiba nikasoma maharagwe na wali, nikamkumbuka marehemu nyanya na mbaazi zake za nazi, nikalia kidogo peke yangu.

Lakini msije mkadhani ni jambo moja. Huku wanapunguza nyama kwa watoto wanaoila kila siku. Nyinyi nyama haikuwapo tangu mwanzo, kwa hiyo mnachotafuta ni mboga iliyopikwa ikaiva na ikatosha. Msikubali mtu awaambie chakula cha mimea ni cha maskini. Mbaazi za nazi zingeuzwa hapa kwa bei ya kutisha.

Mama Langoni

Umenigusa ndugu yangu, Mungu amrehemu nyanya. Niwaulize basi kuhusu tui. Nazi ngapi kwa watoto 240?

Mpishi wa Malindi

Mimi nilikuwa natumia nazi 40 kwa idadi kama hiyo. Kazi iko kwenye kukuna: mbuzi tatu, watu watatu, muanze asubuhi mapema lakini msikamue mpaka mbaazi ziwe zinakaribia kuiva, tui likikaa kwenye joto linachacha. Tui jepesi litangulie, zito mwisho. Siku moja kwa wiki inatosha. Na majani usiyapike kando, watoto watayaacha kwenye sahani. Katakata mchicha mdogomdogo uutie ndani ya pojo dakika za mwisho.

Mwalimu wa Mpeketoni

Faida nyingine sijaona imetajwa. Sisi tuna watoto wa dini na makabila tofauti, na nyama kila mara ilileta swali nani kachinja. Sufuria ya kunde haimuulizi mtu swali, wote wanakula pamoja.

Mama Langoni

Narudi na habari. Tuliuliza watoto wanakula nini usiku, kama alivyosema muuguzi. Wengi samaki, lakini 31 hawapati samaki wala yai wiki nzima. Tumekata shauri hivi: Jumatatu na Jumatano pojo na mchicha kwa wali, Jumanne pure, Alhamisi mbaazi za nazi, Ijumaa kunde kwa ugali. Miezi ya kaskazi Jumanne itakuwa samaki, na yule baba mwenyewe amekubali kusimamia wavuvi. Kusi likiingia, watoto wale 31 tutawatafutia yai. Ndimu kila siku. Chai imehamia saa nne.

Wiki ya kwanza imeisha. Mbaazi za Alhamisi zilitushinda, mfereji ulikauka wakaloweka kwa maji ya kisima, watoto wakala saa nane na nusu na bado zilikuwa ngumu. Mzazi mmoja alinifokea, na alikuwa na haki. Tumenunua pipa la kuweka akiba ya maji ya Shela. Siku nyingine zilikwenda vizuri, na nilisimama mlangoni mwa jiko mwenyewe mpishi alipokuwa anapima. Jana mwanangu karudi nyumbani, katupa mkoba, akaenda kucheza mpira. Hakuuliza chakula mpaka magharibi.

Mwalimu, yule mkulima wako wa kunde bado ana magunia? Tunahitaji mawili kabla ya mwezi kwisha.

Mwalimu wa Mpeketoni

Anayo matatu. Nitayapakia gari la Jumamosi, tumeni mtu Mokowe asubuhi.